Samaki wa Jicho la Kijani

Kawale, Lilongwe
3 Machi 2025

Mama yangu,

Salamu nyingi kutoka kwa mtoto wako. Mi niko mzima, kifua kimepona. Ile dawa ya majani uliyonitumia ni chungu, wee mama, lakini imefanya kazi. Wewe je? Mgongo unasemaje? Na Papa Ezechiel na macho yake? Wadogo zangu Mulenda na Cadeau bado wanagombania baiskeli?

Sasa kaa chini. Umekaa? Mama, naenda Roma! Simchezei mtu. Bosi wangu Amanda anapeleka mikoba yetu ya kitenge kwenye maonyesho kule, na wametaka mshonaji mmoja ashone mbele ya watu. Amenichagua mi. Hati ya kusafiria ya wakimbizi imetoka, visa imetoka, nimezishika mkononi na bado siamini. Nilipiga kelele hapa dukani mpaka wateja wakadhani kuna nyoka. Tunaondoka mwisho wa mwezi huu.

Shida ni moja tu, kulala. Amanda atalala kwa rafiki yake. Mi atanilipia chumba, ila amesema nichague haraka kwa sababu mwaka huu Roma imejaa mahujaji. Nimekaa na simu mpaka shingo imekauka. Nimebakiza nyumba tatu, nimechapisha picha zake, nakutumia kwa mkono wa Émile, yule anayetuuzia samaki wadogo, ndagala. Simu yako ya batani haioni picha, na tukiongea kwa sauti hapo kambini Dzaleka majirani wote wanachangia.

Ya kwanza iko karibu na stesheni ya treni. Hakuna mtu wa kukupokea, ufunguo unaukuta ndani ya kisanduku cha namba ukutani. Ya pili ni ya masista, safi sana, wanafunga mlango saa nne usiku. Ya tatu ni chumba katika nyumba ya mama mzee mmoja, ng'ambo ya mto. Nyumba ni ya zamani, ngazi nyingi, asubuhi wanakupa chai na mkate.

Najua utauliza: unalala kwa nani? Njo maana naandika. Chagua wewe.

Mtoto wako,
Elodie

*

Dzaleka
8 Machi 2025

Elodie wangu,

Amani iwe kwako na kwa wote wanaokutazama vizuri hapo Kawale. Sisi tuko. Mgongo ni ule ule, tumeshazoeana. Papa yako macho yake yanaona kile anachotaka kuona: nyama anaiona, kuni hazioni.

Roma! Nilipomsomea barua yako, Papa alisimama akavaa koti. Sijui alitaka kwenda wapi. Jirani yetu Fidès alipiga vigelegele mpaka batoto wa mtaa wakafikiri kuna arusi. Mi nililia kidogo, usinicheke. Nilimkumbuka marehemu dada yangu Aline, mama aliyekuzaa. Angekuwa hai leo angecheza mpaka Dowa boma, mjini kule. Ulikuwa na miaka sita tulipomlilia. Wazee waliponiweka mahali pake kwa baba yako, ulinishika kitenge ukaniita Mama, na hukuacha tena. Leo huyo mtoto anaenda Roma. Mungu ni mkubwa.

Haya, tuje kwenye kulala. Hii ya kisanduku, Elodie, ni nyumba gani haina mwenyewe? Hodi utamwambia nani? Ukuta? Ukipatwa na homa, kisanduku kitakupikia uji? Hiyo weka kando kabisa. Kwetu mtu akienda mji wenye ndugu yake halali hoteli, ni matusi. Ungekuwa na ndugu Roma ungelala kwake, hata kwenye mkeka, hata kama batoto wake wanakukojolea. Lakini hatuna mtu Roma, basi tutafute watu wanaofanana na watu.

Masista nawapenda, ila kile kitanda ni chembamba mno, ukigeuka umeanguka. Hii ya tatu ya mama mzee naona inafaa. Iko na maua dirishani, iko na kiti kizuri cha mbao, na kwenye mgongo wa kiti wameweka kitambaa

Elodie.

Niliacha kalamu. Nilitoka nje, nikarudi, nikatoka tena. Fidès aliniuliza kama nimeumwa na nyuki. Sasa nimekaa, usome polepole.

Chukua hiyo picha ya tatu kwenye simu yako, uivute iwe kubwa. Tazama kitambaa. Samaki wawili wanatazamana. Wa kushoto jicho jekundu. Wa kulia jicho la kijani. Umeona?

Huo ni mkono wangu! Mi njo nilikishona. Nilimshonea dada Aline kwa arusi yake kule kwetu Baraka, Kongo, wakati sisi wasichana tulikuwa tunafundishwa kutarizi kwenye foyer ya wamama, kile kituo cha mafunzo. Uzi mwekundu uliniisha asubuhi ile ile ya arusi, bantu wako nje na ngoma, bibi arusi ananiita, basi nikamalizia jicho na uzi wa kijani. Aline alicheka mpaka kilemba kikaanguka. Akasema jicho lina rangi ya majani ya muhogo: "Huyu samaki amekula sombe." Hakuna kitambaa kingine kama hicho duniani, kwa sababu hakuna mjinga mwingine wa kushona samaki namna hiyo.

Siku ya kukimbia vita nilikifunga mi mwenyewe ndani ya kifurushi chake. Yeye akapandishwa mtumbwi mwingine, mi, baba yako na wewe mwingine. Kitu kilichozama na dada yangu katika ziwa Tanganyika kimefikaje juu ya kiti huko Roma? Muulize huyo mama mzee. Muulize vizuri, na salamu, lakini umuulize.

Papa yako sijamwambia. Nimemwambia machozi ni ya kitunguu, na leo hatujapika na kitunguu.

Mama yako,
Cécile

*

Kawale
12 Machi 2025

Mama,

Leo sitauliza habari ya mgongo, unisamehe. Sijui nianze wapi.

Nilimwandikia mama mzee kwenye simu. Nilimwambia kitambaa chake ni kizuri, mi ni mshonaji, alikitoa wapi. Simu inageuza maneno yake kwa Kiswahili, nakuandikia vile yalivyokuja. Alisema: "Si changu. Ni cha mwanamke ninayeishi naye, ananisaidia nyumba na wageni. Hataki kiguswe, nilimwomba tu kwa ajili ya picha. Ametoka Kongo. Anaitwa Aline."

Mama, nilisimama nikakaa. Nikaandika: Aline wa wapi? Akajibu: "Wa Baraka. Alipoteza mume, mtoto na mdogo wake ziwani. Kwa nini unauliza?"

Sijajibu. Nilizima simu nikaiweka chini ya vitambaa. Mtoto huyo ni mi! Mdogo wake ni wewe! Amanda aliniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, nimefufuliwa mtu. Alinipa maji.

Sasa niambie, nani alisema amekufa? Nani alimwona akizama? Miaka kumi na sita nimewasha mshumaa kila Novemba, kwa mtu anayetandika vitanda Roma! Nina hasira na sijui namkasirikia nani. Si wewe. Labda ziwa.

Nimeamua hivi. Nitalala kwa masista. Nitaenda kwake mchana, nimsalimie, anitazame, nirudi. Siwezi kulala mle, mama. Nikilala chini ya paa lake nitakuwa nimekutupa wewe. Wewe njo ulinipeleka shule, wewe njo ulinifundisha cherehani. Kitanda chembamba si kitu.

Mtoto wako, wako wewe,
Elodie

*

Dzaleka
16 Machi 2025

Elodie wangu,

Leo nimefunga mlango ndiyo niandike. Nimemwambia Fidès nina malaria.

Uliuliza nani alimwona akizama. Hakuna. Upepo wa usiku ule ziwani ulitutenganisha, asubuhi sisi tulifika upande wa Kigoma, wao hawakufika. Tulingoja mpaka tukachoka kungoja. Halafu bavuvi walikuta mtumbwi umepinduka, mtupu, wakatuambia njo ule. Tukaamini. Mwili haukupatikana, basi wazee walifanya vile wanafanya mwili ukikosekana: walikata mgomba, tukauzika mahali pa mtu. Mi njo niliuvika kitenge. Niliufunga vizuri kiunoni, vile Aline alipenda kufunga. Elodie, nililia juu ya mgomba mpaka sauti ikapotea, na dada yangu alikuwa anapumua!

Matanga yalipoisha wazee walisema mtoto hawezi kulelewa na ukuta, mdogo mtu aingie mahali pa mkubwa. Ni desturi yetu, unaijua. Hakuna aliyekosa. Sasa nitazame nilipo. Mi ni mke wa shemeji yangu, na dada yangu yuko hai. Nina batoto wawili naye. Nikijaribu kusema hivyo kwa sauti naziba mdomo kwa mkono.

Naogopa. Naogopa nyumba yangu. Akirudi mwenye mahali pake, mi nitakaa wapi? Nilipokea bwana wake, mtoto wake, hata sufuria walinipa kwa jina lake. Na wewe nakuogopea zaidi ya vyote, kwa sababu wewe ndiyo nilipewa kwanza.

Lakini sikiliza vizuri. Mtoto halali kwa masista wakati mama yake yuko mji ule ule. Mi sikukulea hivyo. Niliandika barua nzima juu ya mtu mwenye ndugu mjini, sasa kwa sababu ndugu mwenyewe ananitia hofu nibadilishe maneno? Hapana. Nenda ukalale kwa mama yako.

Ukifika usimwambie mambo ya mi na baba yako pale mlangoni. Mwache akutazame kwanza, mle kwanza. Akiuliza Cécile yuko wapi, mwambie ukweli wote. Usinipambe, usinitetee.

Mama yako, bado naandika hivyo, mkono umezoea,
Cécile

*

Dzaleka
2 Aprili 2025

Elodie,

Najua uko huko na barua hii utaikuta ukirudi. Émile ataiacha kwa mama mwenye nyumba wako. Naandika kwa sababu nikinyamaza tumbo linapasuka.

Nimemwambia Papa yako. Alikuwa anakula nsima. Tonge lilibaki hewani, mchuzi unadondoka kwenye suruali, hakuona. Nikamwonyesha picha. Aliuliza kitu kimoja tu: "Anaumwa?" Nikasema sijui. Akainuka, akaenda kusimama kule barabarani kwa vijana wa kabaza. Kila mmoja alimwuliza kama anataka kubebwa kwa baiskeli. Hakupanda, hakurudi, alisimama tu mpaka Mulenda akamfuata.

Habari imetoka, kambi hii haina mfuniko. Wazee wa kwetu walikutana. Mmoja akasema mke ni yule wa kwanza, Cécile atoke. Mwingine akasema aliyezikwa amezikwa, hata kama ni mgomba. Mchungaji akasema tungoje tuombe. Walibishana mpaka wakaanza kutukaniana koo zao. Mi nilikuwa nyuma ya mlango nimeshika mwiko, nikafikiri: mbona hakuna anayeniuliza?

Nimehamia chumba cha cherehani. Hakuna aliyenifukuza, Papa yako hasemi neno lolote, wala la kukaa wala la kutoka. Ila kile kitanda sikuweza tena kukilalia. Nalala na Cadeau, ananipiga mateke. Mulenda ameniuliza: "Sasa mi ni mtoto wa nani?" Nikampa viazi.

Sijui umelala wapi leo. Naomba Mungu umelala kwake. Na kuna kipande kidogo cha roho kinaomba umelala kwa masista. Nimekisema, basi.

Mama mdogo wako,
Cécile

*

Kawale
15 Aprili 2025

Mama,

Nimerudi jana, niko mzima, miguu imevimba kwa ndege. Nimekuta barua yako. Kabla ya salamu zote: hilo neno "mdogo" nimelifuta kwa kalamu. Usiliandike tena, nitagombana na wewe.

Sasa shika kitu.

Nilifika na sanduku langu, nikapanda zile ngazi. Mama mzee nilimwambia tu mgeni wa Malawi anakuja, nilishindwa kuandika zaidi. Kwa hiyo Aline hakujua lolote. Nikagonga, nikasema "hodi" bila kufikiri. Ndani sauti ikajibu "karibu", naye bila kufikiri. Mlango ukafunguka. Mama, ni sura yangu! Ni mi mwenye mvi!

Alinitazama. Halafu akanifungia mlango usoni, paa!

Nikabaki nje na sanduku. Nikamsikia nyuma ya mlango anaomba, halafu anagomba, kwa Kiswahili chetu: "Elodie, mi nilikuzika vizuri! Nilikulilia vizuri! Unataka nini tena kwangu?" Nywele zilinisimama. Nikasema hapana, mi si mzimu, mi ni mtu. Anaendelea kuomba tu. Nikasema lile neno la kwako: "Samaki amekula sombe."

Kisha ufunguo ukageuka.

Mama, ule mtumbwi uliopinduka ulikuwa mmoja, na kila upande waliambiwa ni wa wenzao. Upepo uliwatupa Aline na wenzake Rumonge, Burundi, na watu wa Rumonge wakamwambia sisi tumekwisha. Alizika migomba mitatu. Mitatu! Papa, wewe na mi. Mi nimezikwa Burundi, mama, na wewe uko kando yangu! Tukiwa bado tunasimuliana, yule mama mzee akaleta chai, na haelewi neno.

Alikaa Burundi miaka, halafu watu wa kanisa walimleta Roma. Hakuolewa tena. Alinishika miguu, alinihesabu vidole kama mtoto mchanga. Akapika. Tukala. Halafu akauliza: "Na Cécile?"

Nilimwambia ukweli wote, vile ulisema. Sikukupamba. Aliinuka akaosha sahani, akaziosha tena. Toka hapo alinisemesha chakula tu: kula, umeshiba, chukua mkate. Naenda kwenye maonyesho asubuhi, nashona mbele ya wazungu nikitabasamu, narudi, kula, umeshiba. Nilishindwa. Nikafunga sanduku, nikasema naenda kwa masista.

Akasimama mlangoni. "Unaenda wapi? Mtoto wangu alale hoteli na mi niko hapa? Nani alikulea hivyo?"

Nikatoa barua yako nikampa. Nikasema, aliyenilea njo huyu. Alisoma pale pale, amesimama. Alipofika mahali uliandika "nenda ukalale kwa mama yako", alikaa chini kwenye ngazi, watu wanapita juu yake. Alilia kama hajawahi kulia. Kisha akasema, nakuandikia neno kwa neno: "Ezechiel nilimlilia, nikamaliza. Cécile sikumaliza kumlilia."

Anakuja, mama. Mwezi wa nane. Nikamwambia kuna lodge nzuri hapa Lilongwe, maji ya moto, ukuta mrefu, nitamlipia mi. Alinitazama vibaya sana, macho yale yale yako. "Nina ndugu pale, nilale lodge?" Anataka kulala kwako. Kwako, alisema, hakusema kwa Ezechiel. Nyumba ina vyumba viwili na wazee wako mlangoni wanabishana! Nimjibu nini? Niambie upesi, kila siku ananiuliza.

Mtoto wako,
Elodie

*

Dzaleka
19 Aprili 2025

Elodie wangu,

Pasaka njema. Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, Fidès akanisomea mara nyingine kwa sababu nilidhani macho ya Papa yako yameniambukiza. Kumbe na mi nimezikwa! Tangu jana najishika mkono, niko, nauachia, naushika tena.

Nani ni mke wa Ezechiel, sijui. Wazee watakutana tena baada ya Pasaka, waache wakutane, hata chai nitawapikia. Mwaka huu wote wanaweza kukutana. Lakini nani analala wapi, hilo ni la nyumba yangu na nimeshalipanga.

Papa yako anahamia chumba cha cherehani na batoto. Nimemwambia, amebeba mto wake, na nimeona mabega yake yameshuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Cadeau atampiga mateke yeye sasa.

Mi na Aline tutalala kitanda kimoja, vile tulivyolala kwa mama yetu mpaka asubuhi ya arusi yake. Yeye upande wa ukuta. Mkumbushe ana tabia ya kuvuta blanketi, na mi sijabadilika, nitalivuta pia. Tukigombana tutagombana. Kuna mengi ya kugombania, najua, na mengine yataniuma.

Mwambie aje na kile kitambaa. Nilienda sokoni nikanunua uzi mwekundu, nikafika nyumbani nikauweka ndani ya kabati. Jicho likae kijani.

Mwambie hatalala lodge. Blanketi nimeshalifua, liko juani.

Mama yako,
Cécile